Kaa wa Kwehunga

Maiti ya mwanamke ilielea kifudifudi katika bwawa la kumwagilia la Hamza Shekiondo, chini kabisa ya kijiji cha Kwehunga, na nusu ya kijiji ilikuwa imeshafika kuitazama kabla polisi hawajapaki gari.

Inspekta Husna Singano aliteremka matuta ya kabeji kwa kasi, viatu vikiteleza kwenye udongo mwekundu. Askari wenzake wa Lushoto walimwita Cherehani, kwa kuwa mguu wake ulikuwa haujui kutulia, hata akiwa ameketi. Walidhani halijui hilo jina. Alilijua, na mguu ukaendelea kucheza vilevile.

"Rudisha watu nyuma," alimwambia Koplo Athumani. "Mtu asikanyage ukingo."

Walipoitoa maiti, minong'ono ilikoma. Alikuwa Scholastica Mbilu, mtafiti wa chuo kikuu aliyekuwa akiuchunguza mto Hunga tangu mvua za mwaka uliopita. Alipima maji, akahesabu wadudu na samaki, akaandaa mpango wa namna kijiji kitakavyougawana mto bila kuuua. Watoto walimjua kwa jina. Wazee walimwita binti yetu.

Kwenye paji la uso kulikuwa na jeraha. Kando ya bwawa, wavu wake wa kukamatia wadudu ulikuwa umelazwa vizuri kwenye majani.

"Ni Hamza!" sauti ilipasuka katika umati. "Si alisema mwenyewe mkutanoni?"

Hamza alikuwa amesimama peke yake kati ya kabeji zake, mikono imening'inia. Watu walianza kumsogelea, na baadhi yao walikuwa na majembe. Husna alimkamata hapo hapo, zaidi kwa kumwokoa kuliko kwa kumtuhumu, akamsukumiza garini.

Kituoni, Husna hakuketi. Alimzunguka Hamza kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba.

"Ulimtishia marehemu mkutanoni?"

"Nilisema maneno."

"Maneno gani?"

"Alisema dawa zetu za kabeji zimeua mto huku chini. Nikamwambia ataoga hiyo dawa anayoitangaza."

"Na leo ameoga."

Hamza alifuta uso kwa kiganja. "Afande, mimi ni mjinga, sikatai. Lakini si mjinga wa kutupa maiti kwenye bwawa langu mwenyewe, halafu niende kwangu nikale ugali."

"Ulikuwa na chuki naye?"

"Si naye. Alichosema juu ya dawa kiliniuma kwa sababu ni kweli. Chuki yangu iko kwingine. Mama yangu alikuwa na kipande kule juu karibu na chemchemi. Kamati ya maji ikaja na kamba, ikasema mita sitini, ikang'oa magimbi yake yote. Mama alilia mpaka akaugua. Nikashuka huku kwenye tope. Nyani haoni kundule."

"Unamsema nani?"

"Methali tu, afande."

Simu ya Husna ililia. Alikuwa mkuu wa upelelezi wa wilaya, na hakuwa na salamu. "Una mtuhumiwa, una bwawa lake, una vitisho mbele ya mashahidi. Unangoja nini kumfungulia jalada la mauaji?"

"Majibu ya daktari, mkuu."

"Wananchi wanataka kuchoma nyumba ya huyo bwana. Usinicheleweshe."

Husna alikata simu, na mguu ukaanza upya. Kuna kesi ambazo jibu lake huja likiwa limeoga na kuvaa, na hizo ndizo alizoziogopa.

Mchana huo alikwenda kumhoji mwenyekiti wa kamati ya maji, Mzee Stephano Shemdoe. Nyumba yake ilikuwa juu ya zote, karibu na msitu, na bomba la kwanza la kijiji lilisimama mbele ya uwanja wake. Stephano alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa mabega mapana aliyebeba magunia ya viazi hadi barabarani maisha yake yote, na sauti yake ilikuwa ya upole. Ndiye aliyeikomboa chemchemi ya Hunga. Kabla yake watu walilima hadi mdomoni mwa maji. Yeye alichora mpaka, akaweka uzio na kufuli, akapanda miti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti. Pole na kazi."

Macho yake yalikuwa mekundu. Mkewe, Mama Esteria, alitoka jikoni na birika, akachota maji kwenye pipa lililokinga mvua chini ya mchirizi wa bati, akarudi kuchemsha chai. Husna alimwona, akafikiri tu kwamba wanawake wa milimani wana subira: bomba liko hatua chache, naye anainama kwenye pipa.

"Marehemu mlimfahamu vipi?" aliuliza.

"Alikula hapa kila alipopanda mlima. Aliniita baba." Stephano alitoa leso. "Mgoshi yule, bwana Hamza... mimi sitaki kumhukumu mtu. Mungu ndiye ajuaye."

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Jana kanisani. Baada ya ibada aliondoka, akasema ana kazi mtoni."

"Upande gani?"

"Chini. Kwenye mashamba."

"Chemchemini je? Nataka kupaona."

"Ufunguo wa kufuli alikuwa nao yeye, mwanangu. Tulimwachia kwa ajili ya utafiti. Mimi goti limekufa, sijapanda kule tangu kiangazi."

Husna aliinywa chai yote. Ilikuwa tamu, yenye tangawizi. Baadaye angekumbuka kwamba hiyo ndiyo ilikuwa chai salama kuliko zote Kwehunga siku ile.

Jioni daktari alimpokea kwenye mlango wa chumba cha maiti, glavu bado mikononi.

"Amekufa maji," alisema. "Jeraha la kichwa lilimzimisha tu. Lakini kuna mambo mawili yananisumbua."

"Niambie. Yananisumbua na mimi kabla sijayasikia."

"La kwanza, madoa ya damu iliyotulia yako mgongoni. Mmesema mlimkuta kifudifudi. Maana yake baada ya kufa alilala chali kwa saa kadhaa, ndipo akahamishwa. La pili, mapafu. Lile bwawa ni tope tupu, sivyo? Humu ndani hakuna tope. Kuna maji meupe na vipande vya kuvumwani, ule ukijani laini unaoota kwenye mawe ya majini."

"Kwa hiyo hakufia kwa Hamza."

"Hakufia kwenye tope. Kwa Hamza au kwa nani, hiyo ni kazi yako. Na kuna hiki, kilikuwa kwenye mfuko wa koti lake, zipu imefungwa."

Alimpa mfuko mdogo wa vielelezo. Ndani mlikuwa na kaa kadhaa, miguu yao ya rangi ya chungwa imekunjamana, wote wamekufa.

Asubuhi Husna aliupeleka mfuko ule kwa Alen, mwanafunzi aliyefanya utafiti pamoja na Scholastica. Alimkuta katika chumba cha wageni mjini Lushoto, kimejaa chupa za sampuli, naye akiwa hajalala wala kunyoa ndevu.

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Tanga, kwenye harusi ya dada yangu. Nilirudi jana niliposikia."

"Marehemu alikuwa na kazi gani bwawani kwa Hamza?"

"Hakuna. Huku chini tulishamaliza. Majibu tulishayasoma mkutanoni." Kisha akaona mfuko mkononi mwa Husna, akaupokea taratibu. "Umewatoa wapi?"

"Mfukoni mwake. Ni kaa gani?"

"Wa chemchemini. Hawa hawakai pengine popote katika mto huu, wanataka maji ya baridi na masafi. Lakini..." Aliwageuza kwenye mwanga wa dirisha. "Kaa huyu hafi ovyo, Inspekta. Akifa mmoja, ni uzee. Wakifa hivi, wakubwa kwa wadogo, maji yameingia sumu."

"Chemchemi ya mzee Stephano? Iliyozungushiwa uzio?"

"Mimi pia siamini."

"Nani anakunywa maji ya pale?"

"Kijiji kizima. Mabomba yote yanaanzia pale, na la zahanati pia."

Husna alikuwa ameshafika mlangoni. "Vaa viatu."

Walipanda watatu, Husna, Alen na Koplo Athumani, kwa njia ya nyuma ya msitu. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabega ya miti. Kufuli la uzio lilikuwa limefungwa. Ufunguo, kwa maelezo ya mwenyekiti, alikuwa nao marehemu, lakini haukuonekana mwilini mwake. Athumani alilikata kwa mkasi wa chuma.

Chemchemi ya Hunga ilitoka chini ya jiwe kubwa, ikatua katika kisima kidogo cheupe ambacho ungeweza kuhesabu changarawe zake. Husna alijikuta anataka kunywa. Alen alimshika mkono.

"Tazama kando."

Kaa walikuwa wamelala katikati ya mawe, matumbo juu. Alen aligeuza jiwe, akageuza lingine. Hakuna kilichokimbia.

"Watu hawajaugua," Athumani alisema, sauti imepungua.

"Kaa hufa kwanza," Alen alijibu. "Watu huchelewa. Wazee, watoto, wenye mimba, hao ndio hufuata."

Kwenye ncha ya jiwe, chini ya jani la mgombakofi, Husna alikuta doa jeusi na nywele zilizonasa. Aliamuru lipigwe picha, likwanguliwe, lifungwe. Hatua chache kutoka hapo majani yalikuwa yamelala kwa umbo la mtu. Ndipo Scholastica alipolazwa chali.

"Sumu inatoka wapi?" aliuliza.

Walifuata kijito kilichotiririkia kisimani kutoka juu, wakipinda chini ya matawi. Msitu ulipasuka ghafla. Mbele yao palikuwa na shamba. Lilikuwa la kabeji tupu, zimepaliwa vizuri, majani bado yana alama nyeupe za dawa. Pembeni ya kijito, mahali palipokanyagwa hadi pakawa pagumu, pampu ya kupulizia ilikuwa imeinamishwa ikauke, na chupa tupu za viuatilifu zimefichwa chini ya gogo.

"Anaoshea pampu hapa," Alen alisema. "Hapa hapa, kijiji kizima kikinga chini yake!"

Husna alitazama pande zote. Nyuma ya shamba palikuwa na genge refu la mawe. Njia ilikuwa moja tu, ile ya uzioni. Mwenye shamba alikuwa na ufunguo wa kufuli lile, na kabeji hizi hazikujipalilia tangu kiangazi.

Hapo ndipo lile swali lililomsumbua tangu jana, kwa nini maiti ihamishwe, lilipopata sura. Muuaji angemwacha Scholastica pale, nani angemjua? Jiwe lenye utelezi, msichana peke yake, kisima. Polisi wangesema ajali, wakatoa pole, wakarudi mjini. Badala yake amejitwisha maiti mlima mzima. Hakumhamisha ili ajifiche. Kuna kitu kingine kilimsukuma. Na birika la Mama Esteria likamrudia akilini, na pipa, na bomba ambalo hakuna aliyeligusa.

Simu hazikushika mtandao kule juu. "Athumani, linda shamba. Alen, twende. Mimi sitaki mtu anywe tone moja zaidi."

Waliteremka mbio. Mzee Stephano alikuwa uwanjani, anachonga mpini wa jembe.

"Nataka spana ya koki kuu," Husna alisema akihema. "Tunafunga maji."

"Spana?" Stephano aliweka panga chini polepole. "Sijui nimeiweka wapi, mwanangu. Keti kwanza. Utapata pumzi."

Husna hakuketi. Alichukua kikombe cha bati kwenye uchanja, akaenda bombani, akafungua. Maji yalitoka meupe, yakajaa, yakamwagika vidoleni.

"Nimekimbia, mzee. Nina kiu."

Stephano alikitazama kikombe. Husna alikiinua hadi kikagusa kidevu chake. Bado mzee hakusema.

"Usinywe!" Mama Esteria alipiga kelele kutoka mlango wa jiko.

"Kwa nini, mama?"

"Bomba lina kutu! Baba Evelina alisema tusichote mpaka litengenezwe."

"Alisema lini?"

"Tangu yule marehemu alipoleta kaa wake kwenye kopo, akamwonyesha."

"Na hiyo kutu mmemwambia nani mwingine?"

Mama Esteria alimgeukia mumewe. Evelina alikuwa binti yao, ameolewa nyumba za chini, na mimba yake ilikuwa imeshafikia kuhesabiwa wiki.

"Baba Evelina," alisema. "Mwanao anachota wapi?"

Stephano alitazama mpini wake.

"Nakuuliza wewe. Evelina anachota wapi?"

"Bombani," mzee alisema.

Mama Esteria hakulia wala hakumlaani. Alijifunga kanga kiunoni na kuanza kukimbia kuteremka matuta, mwanamke mzima mwenye mvi, na sauti yake ikasikika mlango hadi mlango: "Msinywe! Mwageni! Mwageni maji!"

Husna alimwaga kikombe. "Stephano Shemdoe, nakukamata kwa mauaji ya Scholastica Mbilu. Una haki ya kunyamaza. Lolote utakalosema laweza kutumika mahakamani."

"Nimenyamaza vya kutosha, mwanangu." Alitoa funguo mbili za kufuli mfukoni, wake na wa marehemu, akaziweka kwenye kiti. "Spana iko chini ya kitanda."

Alen aliingia ndani, akatoka nayo mbio.

"Shamba la kule juu ni la nani?"

"La marehemu baba. Nilizaliwa pale. Tulipochora mpaka wa mita sitini, kila mtu alinitazama mimi. Nikawaondoa wote. Mama yake Hamza alinipigia magoti, nikamwambia sheria ni msumeno."

"Hukata mbele na nyuma."

"Nyuma haukukata. Nilianza na matuta mawili tu, nikajiambia ni kumbukumbu ya baba. Kisha kabeji zikashika wadudu."

"Scholastica aligundua vipi?"

"Kaa. Alikuja kwangu kwanza, kwa heshima, akaniambia, baba, kuna mtu anaweka sumu juu. Nikamwomba asitangaze, nitamtafuta mtu huyo mwenyewe. Akanipa hadi mkutano ujao. Jumapili baada ya ibada akasema hawezi kungoja zaidi, anataka kwenda kuona. Nikamfuata. Nilipofika, alikuwa ameshaliona shamba. Pampu yangu ilikuwa na jina langu lililochomwa kwa moto, nikalikwangua baadaye."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Baba, ni wewe?'" Stephano alijishika kifua. "Angesema tu mwizi, ningevumilia. Akasema atalazimika kuwaambia watu. Nikawaona wote, Inspekta. Wote niliowang'oa. Nikamwona mama yake Hamza. Nilimshika mkono, akajivuta, nikamsukuma. Kichwa kikapiga jiwe. Akaangukia kisimani, uso chini."

"Alikuwa hai?"

"Mapovu yalitoka."

"Ulifanya nini?"

"Nilisimama."

Hasira ilimpanda Husna hadi machozi yakamchoma, na hakuyaficha. Msichana alikuja kwake kwanza, kwa adabu. Angekwenda moja kwa moja mkutanoni, angekuwa hai.

"Halafu ukamlaza chali hadi giza, ukambeba kwa Hamza," alisema. "Kwa nini? Ungemwacha pale, tungeandika aliteleza. Ungezikwa na heshima zako zote."

Stephano aliinua uso. Alimshangaa kwa dhati, kama mwalimu anayeulizwa jambo ambalo hata mtoto analijua.

"Ningemwachaje pale, mwanangu? Kwenye maji ya watu?"

Husna alitazama chini na kuona mguu wake umetulia.

Hamza aliachiwa kabla ya saa sita, akarudishwa kijijini kwa gari la polisi. Spana ilikuwa ya kizamani, imeshika kutu, na Alen hakuiweza peke yake, kwa hiyo Hamza ndiye aliyeifunga koki kuu ya Kwehunga, akiegemea kwa mwili wote, huku mama yake akisimama karibu na uzio bila kuuvuka.

Gari la polisi liliteremka polepole kwa sababu watu walikuwa barabarani na ndoo zao. Kwenye kona ya nyumba za chini, Evelina alisimama na tumbo lake kubwa, mkono kiunoni, akimsikiliza mama yake. Stephano alijaribu kuinua mikono yenye pingu.

"Atakuwa salama?" aliuliza. "Yeye na mtoto?"

"Maabara ndiyo itakayosema," Husna alijibu.

Mama Esteria aliisukuma ndoo ya binti yake kwa mguu. Maji yalipita chini ya magurudumu ya gari, meupe, yakashuka na barabara kuelekea mashambani.